Uzoefu wangu: kupiga mwezi Lindi kwa kupandanisha picha ndani ya kamera

Natumia Canon EOS 5D Mark III ya mtumba, niliyoinunua kwa hela ya korosho nikiwazia harusi. Ndani yake kuna kitu ambacho wapigapicha wenzangu wengi hawakigusi: inapandanisha picha 2 hadi 9 zikawa moja, bila kompyuta. Kwa picha za mwezi wa angani, hapo ndipo nilipoona faida ya pesa yangu.

Kupiga picha ya mwezi ni ugomvi wa mwanga. Ule ni mwamba unaopigwa na jua, kwa hiyo ukishapanda juu unataka f (tundu la lenzi) 11, yaani f/11, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, na shata, muda wa kuingiza mwanga, 1/125 ya sekunde. Ufuko, mitumbwi na Kitunda ng'ambo ya ghuba vinataka sekunde kadhaa. Ukiviridhisha hivyo, mwezi unabaki doa jeupe. Basi napiga mandhari kwanza kwa lenzi pana, nikiacha anga tupu juu. Kisha nafunga lenzi ndefu ya milimita 300, inayoupa mwezi karibu sehemu 1 ya 9 ya kimo cha picha, na kuuweka pale patupu. Kioo cha nyuma kinakuonyesha picha ya kwanza wakati unalenga, hubahatishi.

Kwenye menyu ya kupandanisha, chagua Bright. Kila sehemu inachukua penye mwanga zaidi, hivyo weusi unaouzunguka mwezi hauharibu kitu. Chaguo jingine, Additive, linajumlisha mwanga wote, anga inapauka. Ila subiri giza liive. Anga ikiwa bado na buluu ya magharibi, yale madoa meusi ya mwezi yanajaa buluu. Na ISO uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Unachezea shata na f tu.

Mfululizo wa picha za mwezi ukipanda nao unatoka vizuri. Mwezi husogea kipenyo chake kwa dakika 2 hivi, kwa hiyo naachia dakika 5 kati ya picha na picha. Huku kwetu, nyuzi 10 kusini mwa ikweta, unapanda karibu wima, basi kamera nailaza ubavu. Stendi usiisimike kwenye mchanga mbichi: mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana, maji yakipwa jioni miguu inadidimia taratibu. Tafuta ukuta au sakafu.

Hifadhi kila picha, si ya mwisho peke yake.

Maharusi wanaupenda mwezi mkubwa nyuma yao. Nawapigia, na nawaambia wazi kwamba ni picha 2. Mpaka sasa hakuna aliyeomba punguzo.