Kaligono, samaki anayejifanya maiti: umnunue?

Habari zenu watazamaji. Kabla hamjanipa pole: huyo mnayemwona amelala ubavu mchangani hajafa. Yuko kazini.

Kitaalamu anaitwa Nimbochromis livingstonii, na kwao ni Ziwa Nyasa. Wavuvi wa upande wa Malawi humwita kaligono, yaani mlalaji. Mtazameni ngozi: weupe wenye mabaka ya kahawia yasiyo na mpangilio, kama samaki aliyeanza kuoza. Kule ziwani visamaki husogea kumdonoa wakidhani ni mzoga, naye huwanyakua ghafla. Hapa kwangu anashiba, lakini siku nyingine hulala hivyo hivyo. Mara ya kwanza kumwona nilikaa mbele ya kioo mpaka ugali ukapoa.

Sasa, umnunue? Samaki mwenyewe nampa alama zote. Tatizo ni anavyouzwa. Mimi niliuziwa akiwa na urefu wa kidole, pamoja na tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 tu. Muuzaji hakuniambia kwamba hufika sentimita 25. Samaki wa urefu huo, kwenye upana wa 30, hata kugeuka ni taabu! Nilimwekea na mbuna wadogo wanne, yaani samaki wa miambani wa ziwa hilo hilo. Baada ya miezi michache niliamka nikahesabu wawili. Iliniuma sana, na hasira zangu hazikuwa kwa samaki.

Tangi hili la sasa ni 150 kwa 50 kwa 50, lita 375. Maji peke yake yana kilo 375, kwa hiyo msithubutu kuliweka juu ya meza ya televisheni. Mimi nilichomelewa fremu ya chuma.

Pesa ziende kwenye filta. Mla nyama huchafua maji kweli kweli: kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ina nafuu. Lakini huwachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji ya filta, huku ukitia chakula kidogo tangini ili wapate amonia. Ndiyo maana nasema tangi litangulie, samaki afuate. Sponji ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya bomba huwaua. Na uwe na pampu ya hewa ya betri, umeme ukikatika usiku utanikumbuka.

Hita, kwa Dar, mimi situmii. Njombe na Mbeya nunueni.

Chakula: tembe za samaki walao nyama, uduvi, vipande vya minofu ya samaki. Nyama ya ng'ombe hapana, mafuta yake humdhuru. Visamaki hai vya kumlisha navyo sivitaki, huja na magonjwa.

Ukimchoka, mpe mfugaji mwingine. Tafadhali, usimtupe mtoni wala kwenye ziwa lisilo lake. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, ndugu wa huyu kaligono, zimetoweka, sangara huyo akiwa mmoja wa waliozimaliza.

Haya, tazameni, kaamka. Ameniona nimeshika kopo la tembe.