Uzoefu wangu na fremu ya kromoli kwa safari ndefu za baiskeli

Fremu ninayoizungumzia ni ya chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni), daraja la 4130, iliyoundwa kwa safari za kubeba mizigo. Inapokea magurudumu ya 622 (kipenyo cha rimu kwa milimita) na tairi za hadi milimita 47 pamoja na madigadi, ina breki za diski, na ina matundu yenye nyuzi za bolti za M5 (unene wa milimita 5) mbele na nyuma kwa ajili ya keria. Nimeiendesha ikiwa tupu na ikiwa na mifuko minne, kwenye lami, changarawe na njia za vumbi. Kwa mtu anayetaka kupita barabara zenye mandhari nzuri, ambazo mara nyingi ndizo zenye mashimo, ningeichagua tena. Ila sifa zake nyingi hazitokani na chuma chenyewe. Zinatokana na vipimo vyake na mahali matundu yale yalipowekwa.

Utasikia sana kwamba chuma kinalainisha barabara. Mimi sikubaliani. Tairi ya milimita 42 yenye upepo sahihi inameza mtikisiko kuliko bomba lolote la fremu. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini, gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 2.7, na ni kigumu kwa uwiano huohuo. Ndiyo maana mabomba ya chuma huwa membamba na ya alumini huwa manene. Faida yake halisi ni uvumilivu. Chuma kikitikiswa kwa nguvu iliyo chini ya kiwango fulani, kinaweza kuendelea hivyo miaka na miaka, lakini alumini huchoka kidogokidogo hata kwa mitikisiko midogo. Tena chuma huonya kabla ya kukatika: rangi inapasuka, ufa unaonekana, baiskeli inaanza kulia mahali pamoja. Na ufa huo fundi wa kuchomelea anayejua mabomba membamba anaweza kuuziba.

Gharama yake ni uzito. Fremu peke yake ni kilo 2.3 hivi, na uma wa mbele unaongeza kilo 1.1. Kama unapanda milima bila mzigo na unashindana na saa, utauhisi. Ukishaweka kilo 20 za mizigo, hutaukumbuka.

Kipimo cha kwanza cha kuangalia kwenye fremu ya namna hii ni urefu kutoka katikati ya krenki hadi ekseli ya nyuma. Hii ina milimita 455. Chini ya 440, mwenye mguu mkubwa atakuwa anagonga mfuko wa nyuma kwa kisigino kila anapozungusha pedali. Atausogeza mfuko nyuma, uzito utaangukia nyuma ya ekseli, na hapo usukani unakuwa mwepesi mno. Matatizo mengi ya baiskeli kuyumba huanzia hapo.

Kuhusu huko kuyumba niseme zaidi, maana ndiko kunakotisha watu. Ukishuka mlima kwa kasi na mzigo wote uko nyuma, usukani unaweza kuanza kutetemeka kushoto na kulia, na ukiukaza ndiyo unazidi. Bana bomba la juu kwa goti, inua uzito kidogo kwenye siti, punguza mwendo taratibu kwa breki zote mbili. Utatetemeka kidogo kisha utatulia. Ukifika chini tafuta chanzo: keria imelegea, mzigo mzito umewekwa juu badala ya chini, au beringi za usukani zina nafasi. Beringi zinapimwa hivi: kamata breki ya mbele, weka vidole kwenye kiungo kati ya bomba la usukani na uma, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugonga, kaza. Fremu hii ikiwa na mifuko miwili mbele, chini, usawa wa ekseli, na tofauti ya kushoto na kulia isizidi kilo moja, inashuka imetulia kabisa.

Sasa keria. Keria nyingi nzuri zimeandikwa kilo 25 na watu wanadhani huo ndio mpaka wa kuangalia. Kinachokatika ni bolti, kwa kawaida ile ya chini upande wa mnyororo, na haikatiki kwa sababu ya uzito. Inakatika kwa sababu imelegea. Bolti ya M5 iliyokazwa vizuri inabana mguu wa keria kwenye fremu, na msuguano ndio unaobeba mzigo. Ikilegea hata robo ya mzunguko, mguu wa keria unaanza kuipinda bolti juu na chini kwenye kila shimo la barabara, maelfu ya mara kwa siku, hadi inakatika ikiwa imebaki ndani ya tundu. Kwa hiyo weka gundi ya bluu ya kuzuia kulegea kwenye nyuzi, kaza kwa nyutonimita 5 hadi 6 kwa spana ya L ya milimita 4, halafu ukague tena baada ya kilomita 50 za mwanzo. Hakikisha ncha ya bolti haitokezi ndani upande wa gia, kwani ikizidi milimita chache mnyororo utaigonga ukiwa kwenye gia ndogo ya nyuma. Beba bolti nne za akiba. Kwenye fremu hii tundu la chini limetoboka hadi upande wa pili, hivyo kipande kilichokatika kinaweza kutolewa kwa kukizungusha kutoka ndani. Ni jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji, nami naliweka juu ya rangi na jina la fremu.

Kulabu za mifuko nazo zikague. Zikiwa na nafasi kwenye bomba la keria, zinasugua, na mchanga unafanya kazi ya tupa. Weka vipande vya plastiki vinavyokuja na mfuko kulingana na unene wa bomba. Kama huna, zungusha tepu ya umeme pale kulabu zinapokaa.

Magurudumu ndiyo moyo wa safari yenye mzigo, na hapa ningependa kila mnunuzi awe mkali. Nyuma taka spoku 36, zenye unene wa milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Spoku zinazokatika karibu zote ni za nyuma upande wa gia, kwenye kona iliyo habuni, yaani kitovu cha gurudumu. Sababu ni kwamba upande ule zinavutwa sana, na upande wa kushoto zinabaki legelege. Gurudumu lililofungwa na mashine halafu likauzwa bila kukaguliwa huanza kutoa sauti ya kutiktik mapema. Hiyo ni spoku inayojikunjua. Peleka gurudumu kwa fundi asawazishe mvuto kabla ya safari, usingoje spoku zikatike. Na kumbuka kwamba spoku ya upande wa gia haiingii bila kutoa kaseti (rundo la gia za nyuma), kwa hiyo spoku tatu za akiba bila kifungua kaseti hazikusaidii lolote.

Upepo: kwa tairi ya milimita 42, mpandaji na baiskeli na mzigo vikifika kilo 110, mimi naweka baa 3.5 nyuma na 3 mbele kwenye lami, na kwenye changarawe napunguza nusu baa. Ukipata pancha yenye matundu mawili sambamba kwenye tyubu, upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu kwenye jiwe. Tundu moja kwa nje ni mwiba au kioo: pitisha vidole polepole ndani ya tairi na ukitoe kabla ya kubandika kiraka, la sivyo utarudia kazi baada ya dakika chache. Tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea rimu, angalia utepe unaofunika vichwa vya spoku, umesogea. Wanaotumia tairi bila tyubu waweke mililita 60 hadi 90 za dawa ya kuziba kwa kila tairi, na wakumbuke kwamba kwenye joto hukauka ndani ya miezi michache.

Gia zilizokuja na baiskeli hii ni meno 26 mbele na 36 nyuma kwa ile nyepesi kabisa. Hilo ni jambo la kusifiwa. Chukua mfano wa barabara ya mlimani ya Stelvio kule Italia, upande wa Prato: kilomita 24.3, mwinamo wa wastani asilimia 7.4, kona 48, hadi mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Mtu mwenye nguvu ya kawaida, wati 150, akiwa na jumla ya kilo 110, atapanda kwa kilomita 6 hivi kwa saa. Kwa 26 na 36, hiyo ni mizunguko 62 hivi ya pedali kwa dakika. Magoti yanaivumilia saa nne mfululizo. Kwa baiskeli ya barabara yenye 34 na 28, mwendo huohuo unakushusha hadi chini ya mizunguko 40. Unasukuma kwa nguvu ya goti, na goti ndilo litakalokurudisha nyumbani. Mandhari ya milimani huonwa na mwenye gia nyepesi.

Kushuka kuna somo lake. Pedi za breki zilizokuja nayo ni za utomvu: kimya, laini, lakini kwenye mteremko mrefu na mzigo zinapata joto, uso unang'aa kama kioo na breki zinafifia. Nenda kwenye pedi za chembe za metali. Zina kelele kidogo zikilowa, ila zinavumilia. Usiburuze breki kilomita nzima. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, diski ipoe kwa upepo. Badilisha pedi nyama ikibaki milimita 1, na diski ya 1.8 itupwe ikifika 1.5. Pedi mpya zizoeze kwanza: punguza kasi kutoka kilomita 25 kwa saa hadi karibu kusimama, mara ishirini hivi, bila kufunga gurudumu. Ukiruka hatua hiyo, zitapiga kelele hadi ziishe.

Dainamo ya habuni inatoa volti 6 na wati 3 ukifika kilomita 15 kwa saa. Inatosha kwa taa nzuri ya mbele na ya nyuma. Kuchaji simu moja kwa moja kunakera, kwa sababu ukipanda mlima umeme unakatika na simu inawaka na kuzima skrini kila mara. Chaji betri ya akiba mchana, kisha betri ichaji simu usiku.

Njia gani zinaifaa fremu hii? Zile zenye mwinamo wa polepole na uso mchanganyiko. Njia zilizokuwa za reli ni nzuri sana kwa mzigo, maana treni haikuweza kupanda mlima mkali. Njia ya mto Danube kutoka Passau (Ujerumani) hadi Vienna (Austria), kilomita zaidi ya 300 ukielekea unakokwenda maji, ni mfano mzuri wa mahali pa kuanzia kwa asiyewahi kubeba mifuko. Njia za pwani zina siri moja rahisi: chagua uelekeo utakaokuweka upande wa bahari. Penye magari yanayopita kushoto, kizunguke kisiwa kwa kufuata mwendo wa saa. Penye magari yanayopita kulia, kinyume chake. Kwa ziwa, geuza kanuni hiyo. Hakuna gari litakalokuwa kati yako na maji, na huhitaji kukata barabara kila ukitaka kusimama upige picha. Na kabla ya kuamini mstari kwenye ramani ya simu, angalia jumla ya mita za kupanda, usiangalie kilomita peke yake: kilomita 60 zenye mita 1,500 za kupanda ukiwa na mzigo ni siku nzima.

Kasoro ya kudumu ya fremu ya chuma ni kutu, nayo huanzia ndani. Toa nguzo ya siti, mimina au puliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba, geuzageuza fremu, acha yachuruzike usiku kucha. Nguzo ya siti ya alumini ndani ya chuma hushikana kabisa ikiachwa kavu, hasa karibu na bahari, kwa sababu metali mbili tofauti zikipata maji ya chumvi hulana. Paka grisi, na kila baada ya miezi mitatu ivute nje, ifute, upake tena. Sijaona ulinzi rahisi kuliko huo.

Ukiikuta fremu ya aina hii iliyotumika, nenda na kamba na rula. Funga kamba pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, izungushe mbele ya bomba la usukani, irudishe hadi upande wa pili, ikazwe. Pima umbali kutoka kamba hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja si kitu. Zikizidi mbili, fremu imepinda. Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo ya usukani. Rangi ikiwa imejikunja kama mkunjo wa nguo, baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na fremu hiyo usiinunue hata kama imepakwa rangi mpya. Jaribu nguzo ya siti itoke, na bolti ya M5 iingie kwa vidole kwenye kila tundu la keria. Tundu lenye nyuzi zilizochakaa linaweza kutengenezwa. Nguzo iliyoganda inaweza kukuchukua siku nzima na msumeno, na bado bomba likaharibika.