Siagi na sukari, au parachichi na chumvi?

Ndugu wakikutana, ubishi huu hufufuka: katikati ya slaisi mbili za mkate, kipi kilikuwa kitamu zaidi utotoni?

Kwa bei, kwetu Rungwe parachichi lilishinda msimu ukifika, maana lilianguka lenyewe uani. Mjini mambo hugeuka. Tunda moja lililoiva vizuri laweza kupita bei ya Blue Band ya kupimiwa dukani kwa kijiko, na sukari ni ileile ya chai, ya kudokoa kabatini.

Tofauti kubwa iko kwenye kukaa. Siagi hiyo haihitaji friji: ukipaka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne ipo vilevile, ila sukari imeanza kuyeyuka (mimi niliipenda ikilia menoni). Parachichi likikutana na hewa hugeuka kahawia. Limau huchelewesha tu, halizuii, na darasani watakuuliza umebeba nini.

Shibe? Parachichi, bila ubishi.

Basi mwenye mti, anayekula palepale jikoni, aponde parachichi lake. Anayefungasha mkate wa shule apake siagi, na kopo la sukari alifiche juu ya kabati.