RAM imejaa kwenye kompyuta ya kamera: ununue nini kwanza?

Jirani aligongewa geti usiku wa Jumamosi, asubuhi akaja kuniomba tuangalie kamera yangu inayotazama barabarani. Nikafungua. Picha ya mwisho ilikuwa ya saa tatu na dakika arobaini usiku, baada ya hapo hakuna kitu. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, ila RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 8 imejaa pomoni na programu ya kurekodi imeganda. Fundi niliyempigia hakuuliza hata swali moja: "Ongeza RAM, kaka. Weka 16."

Nusura niende Kariakoo siku hiyohiyo. Kilichoniokoa ni kukosa hela.

Nikachukua daftari. Niliwasha kompyuta upya, nikasubiri dakika kumi, nikafungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inakula nini) na kuandika programu ya kurekodi inakula kiasi gani: GB 2.1. Jioni ikasoma 3.4. Kesho yake asubuhi, 4.9. Namba inayopanda hivyo bila kushuka maana yake RAM inavuja: programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta) inachukua nafasi na hairudishi. Ningeongeza GB 8, ningekuwa nimenunua siku tatu tu za kupumua. Kwangu mkosaji alikuwa draiva ya picha niliyoisasisha wiki iliyotangulia. Nilizima kazi ya kufungua video iliyobanwa kupitia chipu ya picha, namba ikatulia kwenye 2 wiki nzima. Prosesa ilihemewa kidogo, lakini niliporudisha draiva ya zamani mambo yakakaa sawa. Gharama: sifuri.

Na usiogope kila unachokiona. Windows na Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi mafaili yaliyotoka kuandikwa, na kompyuta ya kamera inaandika usiku na mchana. Nafasi hiyo huachiwa ikihitajika. Tazama programu yenyewe inakula kiasi gani. Kwa Linux, andika free -h usome safu ya "available".

Kama namba inapanda dakika chache tu kisha inatulia huko juu, hapo hakuna uvujaji, ni mzigo wako mkubwa. Kamera ya megapikseli 4 hutoa picha ya pikseli 2560 kwa 1440, na ikishafunguliwa, picha moja tu hukaa karibu MB 5.5 kwenye RAM. Ya megapikseli 8 ni MB 12.4. Programu hushika picha kadhaa za kila kamera kwa wakati mmoja, sasa zidisha kwa kamera sita. Kamera nyingi za IP (zinazotuma picha kwa mtandao) zina mkondo wa pili wa video, mdogo, mara nyingi 640 kwa 360: pikseli zake ni chache mara 16. Iambie programu itafute mwendo kwenye mkondo huo mdogo, na ule mkubwa iupeleke diski moja kwa moja bila kuufungua. Ukishindwa kupata mpangilio huo kwenye programu yako, badilisha programu kabla ya kubadilisha kompyuta.

Ukimaliza yote hayo na bado RAM haitoshi, nunua kwa mpangilio huu.

Ya kwanza: diski. Najua ulikuja kutafuta RAM. Lakini diski iliyochoka haimezi video kwa kasi inayoingia, na programu zinazoweka vipande vya video kwenye RAM kabla ya kuvihamisha, kama Frigate, programu ya kurekodi kamera, hujikuta na foleni. Kamera moja ya Mbps 4 (megabiti 4 kila sekunde) huandika takriban GB 43 kwa siku. Nne ni GB 173. Diski ya TB 4 itakupa siku kama 23. Chukua iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, WD Purple au Seagate SkyHawk, na usirekodi kwenye diski yenye Windows.

Ya pili: kompyuta ya ofisi ya mtumba. OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, yoyote, mradi iwe i5 ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5" na kunyamaza. Wewe soma stika: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-4570 ni cha 4, ya mwaka 2013, ambayo chipu yake haifungui H.265, namna mojawapo ya kubana video, sawasawa. Tena Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi hicho cha 8. Epuka yale makasha madogo kabisa ya kubandika nyuma ya skrini, hayana nafasi ya diski kubwa.

Ya tatu: kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100. Hii ningeiweka ya pili kama umeme ndio unaokuuma. Mashine inayokula wati 35 muda wote humaliza uniti 25 kwa mwezi. Ya wati 12 haifiki 9. Kwa anayelinda tarifu nafuu ya umeme ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 16 za katikati si mchezo. Na umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ileile inaisukuma muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba mara nyingi diski kubwa utaichomeka kwa waya wa USB, na waya ukilegea usiku, kurekodi kumeisha. Uliza pia kama RAM yake inachomoka, nyingine zimechomelewa.

Ya nne: RAM peke yake. Inafaa kama una GB 4, au namba yako imetulia lakini imebana, au unataka programu itambue watu na magari. Bei za RAM zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo kubahatisha kunauma. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na ya laptopu haiingii kwenye kompyuta ya mezani.

NVR ya kawaida, yaani kisanduku maalumu cha kurekodi kamera, ni ya asiyetaka kujua lolote kati ya haya, wala si vibaya. Soma Mbps inazopokea kwa jumla, usiishie kwenye idadi ya chaneli (kamera inazobeba). Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya bodi moja, naiweka mwisho: haina kifaa cha kufungua H.264 (namna ya kubana video ya kabla ya H.265) ndani ya chipu, wakati kamera nyingi za bei ya chini hutuma H.264 hiyohiyo.

Dukani, omba mashine iwashwe. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza Memory. Itakuonyesha matundu mangapi ya RAM yametumika kati ya mangapi, na kasi yake. Ikisema 2 kati ya 2, na kila kijiti ni GB 4, jua kwamba siku ukitaka 16 utavitoa vyote viwili. Ingiza hilo kwenye bei kabla hujafungua pochi.