Tela la ekseli moja la karakana za Dodoma: chuma kizuri, ekseli imekaa pabaya

Ukitafuta Dodoma tela dogo la kuvuta na pikapu, mara nyingi utaonyeshwa la namna hii: kitanda cha futi 8 kwa 4 (shiti ya chuma inauzwa hivyo, na fundi hapendi kukata), ekseli moja, matairi ya gari dogo, na mkono wenye kikombe cha kukamatia boli (tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari). Kwa kazi ya mahindi, kreti za zabibu au mifuko ya saruji linatosha. Kitanda huchomelewa vizuri na kona huongezewa vyuma. Hapo fundi anastahili sifa.

Tatizo ni ekseli. Huwekwa katikati kabisa ya kitanda. Kwa macho inapendeza, barabarani ni balaa, kwa sababu mlango uko nyuma na wapakiaji wa soko la mahindi la Kibaigwa wana haraka: magunia yanarundikwa pale pale mlangoni. Mkono wa mbele unakuwa mwepesi, na gari likishika kasi tela linaanza kutikisa mkia.

Mkono unatakiwa kukandamiza boli kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la kilo 300 likibeba magunia 8 ya kilo 100 linafika kilo 1,100, kwa hiyo boli ibebe kati ya kilo 110 na 165. Kupima ni rahisi: zuia magurudumu kwa mawe, kisha telemsha mkono juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani ya magunia, tela likiwa limelala sawa. Ikisoma 80, sogeza magunia mbele. Ikisoma 200, pikapu itakaa kitako, taa zitamulika juu na usukani utakuwa mwepesi. Kama tela bado halijachomelewa, mwambie fundi arudishe ekseli nyuma sentimita 10 hadi 15. Kazi ni ile ile, na asikudai nyongeza.

Usiache kusoma ubavu wa tairi. Tairi la 185/70 R14 lenye namba 88 linabeba kilo 560, na kwa upepo kamili tu. Mawili ni 1,120. Kwa hiyo tangi la maji la lita 1,000 halifai hapa: maji peke yake ni tani moja, bado tela. Ukilijaza nusu ndiyo mbaya zaidi, maji yanakimbia mbele na nyuma kila unapokanyaga breki. Weka tangi la lita 500, lijae, likae mbele kidogo ya ekseli.

Boli nayo ina mtego wake. Kikombe cha inchi 2 hufunga hata kwenye boli ya milimita 47.6, na ukikitazama utadhani kimekaa. Tuta la kwanza la kijijini litaonyesha kwamba hakikukaa. Kipimo kimegongwa juu ya boli, kisome. Ukishafunga, inua mkono kwa jeki: nyuma ya gari ikipanda pamoja nao, kimeshika. Cheni ziwe mbili, zipishane chini ya mkono ili ukichomoka udakwe kabla ya kugusa lami, nazo zifungwe kwenye chesisi. Bampa si mahali pa cheni.

Nyaya ndiyo sehemu ya hovyo kuliko zote. Mafundi wengi huacha waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye gari) na kutegemea boli ipitishe umeme, ilhali boli imepakwa grisi. Ndiyo maana ukikanyaga breki, indiketa zinafifia. Vuta waya wa ethi wa peke yake kutoka chesisi ya tela hadi kwenye plagi.

Breki tela hili halina. Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo. Hapa linapakiwa hadi springi zinanyooka. Acha nafasi ndefu mbele, na kwenye mteremko shika gia ndogo mapema. Likianza kuyumba kwa upepo wa ubavuni, toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani wima. Usikanyage breki ghafla, wala usiongeze mwendo kulinyoosha.

Kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 80 za kwanza. Kila unaposimama, gusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa kiganja: kama huwezi kuuacha hapo, beringi imekazwa mno au haina grisi.