"Beringi ni beringi, dada": yaliyonikuta na Corolla ya baba

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Ila jana nimepita tena Ngamiani, hapa Tanga, mbele ya lile duka la spea, yule kijana yuko palepale kwenye kiti chake cha plastiki, akaniona, akamgusa mwenzake, wakacheka. Basi na mimi nayasema.

Gari ni Corolla 110 ya marehemu baba. Kitambo kidogo likaanza kuvuma mbele. Nilidhani tairi, maana tairi lililoliwa upande huvuma hivyohivyo. Lakini mvumo ulikuwa ukipanda na mwendo, nikikata kona kushoto unazidi, nikikata kulia unatulia. Baba alinifundisha hilo nikiwa bado nasoma: ukikata kushoto gari linalalia magurudumu ya kulia, kwa hiyo beringi inayolia, yaani kile chuma chenye gololi ndani kinacholishika gurudumu lizunguke, ni ya kulia. Fundi akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, likacheza. Akaing'oa. Pamoja na kuchakaa kwake kote, kwenye chuma bado unasoma KOYO JAPAN.

Nikaibeba mkononi mpaka dukani. Nilisalimia vizuri, nikaiweka juu ya kaunta, nikasema naomba kama hii. Yule kijana akaniletea boksi lenye jina la kampuni nyingine ya Japani, silitaji kwa kuwa wao hawana kosa. Nikafungua, nikaona maandishi ya kwenye boksi na ya kwenye chuma hayafanani, herufi zenyewe zimekaa upandeupande. Nikamuuliza kwa adabu: kaka, hii imetoka wapi?

"Beringi ni beringi, dada. Zote zinazunguka. Ukiona ghali kapande bajaji."

Waliokuwepo wakacheka. Jamani, sikuwa nimelalamikia bei! Alisema 28,000 na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia kama ipo ya bei ya juu na ya uhakika anipe hiyo. Nilichouliza ni swali moja tu, ambalo mwenye duka la spea ndilo la kwanza anapaswa kuwa na jibu lake. Nilipodai risiti akasema mashine mbovu. Ningeondoka. Lakini gari lilikuwa juu ya mawe gereji, fundi anasubiri, jua linazama, nikalipa.

Haikumaliza hata miezi miwili. Siku hiyo nilikwenda Muheza kumchukua shangazi, ana kliniki hospitali ya Bombo, miguu yake haimruhusu kubanana kwenye daladala. Tunarudi, hatujafika Pongwe, usukani ukaanza kutetemeka. Nikakanyaga breki, pedeli ikazama kama nimekanyaga sifongo. Nikakanyaga mara ya pili ndiyo ikashika. Nyuma yangu lori. Baadaye nilielezwa: beringi ikilegea, diski inayumba na kuzisukuma pedi za breki nyuma, kwa hiyo mguu wa kwanza wa breki unapotea kuzirudisha tu. Pale barabarani sikujua lolote, nilijua kwamba breki haipo na shangazi ameshika dashibodi anasoma dua kwa sauti.

Nikafika pembeni. Rimu haishikiki kwa moto, harufu ya grisi iliyoungua. Shangazi, mwenye miaka sabini na kitu, alikaa juu ya khanga yake kwenye majani karibu saa nzima mpaka akatokea msamaria mwenye Noah akampakia. Kliniki alikuta imefungwa. Kila nikikumbuka ile khanga kwenye majani namwona yule kijana anacheka.

Gari lilivutwa mpaka Makorora kwa fundi mmoja mzee niliyeelekezwa na jirani. Huyu ndiye ninayetaka wenye magari ya zamani wamjue. Nikamwamkia, "Marahaba mwanangu, kaa kwanza upoe." Ana mashine ya presi, ameitunza kama mboni ya jicho. Aliikandamiza beringi ikatoka, akaipasua, akaniita niione. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na vishimo vidogo, vimeachana sawasawa kama vimepimwa kwa rula.

"Hii iligongwa," akasema. "Nani aliyekufungia?"

Nikakumbuka. Fundi wa kwanza aliiingiza kwa nyundo na kipande cha bomba, mimi nimesimama palepale. Mzee akanieleza kwamba beringi ya namna hii inaingia kwa kubana, na ukiipiga pasipo pake, pigo linapita kwenye gololi na kila gololi inachimba alama yake. Toka siku hiyo imekwisha, hata ingekuwa imetoka kiwandani Japani asubuhi ileile.

Hapo roho ikanisuta. Wiki nzima nimelitangaza lile duka kwa kila mtu, kumbe pengine wa kulaumiwa ni nyundo? Nikaanza hata kufikiri jinsi ya kwenda kumwomba radhi yule kijana. Kweli nilifikiri hivyo.

Mzee akachukua kitambaa, akakichovya petroli, akapangusa chuma kwa nje. Jina la kampuni likafutika lote, na namba pia. Likabaki doa la wino kwenye kitambaa. Ile Koyo ya baba ameipangusa kwa petroli ileile, ikazidi kung'aa, maandishi hayakutikisika.

Basi radhi ikaishia hapo. Nikazifunga zote mbili kwenye gazeti, nikarudi dukani. Akauliza, "Risiti iko wapi?" Mtu aliyeninyima risiti ananiuliza risiti! Naambiwa Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Nitakwenda, lakini nitakwenda na nini, na doa kwenye kitambaa?

Niseme na upande wa pili, nisije nikadhulumu. Jirani yangu anabeba nazi kutoka Pangani na gari kama hili, amefunga beringi ya Kichina ya bei ya chini, yenye jina lake yenyewe la Kichina, kwa presi ya mzee huyuhuyu, inakwenda mwaka sasa haijalia. Kwa hiyo sisemi bei ndogo ni mbaya. Ya mtumba ndiyo mzee aliikataa kabisa, kwa kuwa beringi ya kubana hata kule kuing'oa tu kwenye gari la kwanza kumeshaiumiza. Ya bei ndogo iliyosema ukweli sina ugomvi nayo. Ingawa, nikisema kweli ya moyo, mimi shangazi simpakii juu yake. Hapana, simpakii.

Yangu ililetwa na basi kutoka Dar, Koyo, 95,000, na presi ya mzee 15,000. Nimekwenda Muheza na kurudi mara kadhaa, gari limetulia kiasi kwamba shangazi alisinzia njiani.

Sasa ya kushoto imeanza. Nikikata kona kulia naisikia. Hiyo ndiyo ile aliyoifunga baba mwenyewe, na haina lawama, imefanya kazi yake. Kama kuna mtu hapa Tanga anayeuza Koyo ya mbele ya Corolla 110, na risiti anatoa, aniambie bei na mtaa. Nitakuja na petroli na kitambaa, asichukie.