Manzanita ipi ununue kwa bustani ya California: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Jibu kwa mwenye haraka ni hili: nunua manzanita, kichaka cha asili cha California, ya aina inayoitwa 'Howard McMinn', kopo la galoni 1, mwezi wa Oktoba au Novemba, uipande penye jua na pasipotuama maji. Kwa bustani nyingi za California hutajuta. Lakini bustani hazifanani. Nyumba ya San Francisco inayopigwa na ukungu wa bahari si sawa na ya Fresno au Riverside, miji ya bara yenye joto kali, na kichaka kinachopendeza kwenye kona ya uzio kitaleta kero kikiwekwa kando ya njia ya miguu. Kwa hiyo nimezipanga kwa daraja nikitazama mambo matatu: zinavumilia kiasi gani udongo wa kawaida wa nyumbani, zinavumilia kiasi gani mkono wa mmwagiliaji, na kama zinapatikana bila kuhangaika. Uzuri sikuupa alama. Zote ni nzuri.

Kabla ya kutoa pesa, elewa habari ya maji. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumefundishwa kwamba jua likiwa kali, mche unyweshwe kila jioni. Kwa manzanita desturi hiyo inaua. California hupata mvua zake katika miezi ya baridi, takriban Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kinapita kikavu kabisa. Kichaka hiki kimeumbwa kwa mpangilio huo. Udongo ukiwa na joto na unyevu kwa pamoja, huamka vijidudu vya Phytophthora, jamaa wa wale wanaoleta bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya, wakaozesha mizizi. Majani yanafifia na kulegea, mwenye bustani anadhani mche una kiu, anaongeza maji, na baada ya wiki chache kichaka kizima kimekauka. Manzanita nyingi za nyumbani hufa hivyo, mikononi mwa watu wanaozipenda.

Nafasi ya kwanza: 'Howard McMinn'

Hii ndiyo inayosamehe kuliko zote. Inakubali udongo wa mfinyanzi mradi usiwe dimbwi, inavumilia maji ya kiangazi yakiwa ya kiasi, inastahimili joto la Bonde la Kati na pia hewa ya pwani. Hukua hadi futi 5 au 7 kwenda juu, yaani mita moja na nusu hadi mbili na kidogo, na upana wake hupita urefu. Majani ni madogo, yamebanana, yanang'aa. Maua yake meupe yenye wekundu wa mbali hutoka kwa mamia mwishoni mwa msimu wa baridi, wakati nyuki wanahangaika kutafuta chakula.

Imepewa jina la profesa wa botania aliyefundisha Mills College kule Oakland, na asili yake ni Arctostaphylos densiflora, manzanita ya Vine Hill katika kaunti ya Sonoma. Spishi hiyo porini imebaki katika eneo dogo mno, na jimbo la California limeiorodhesha kuwa hatarini kutoweka. Ajabu ni kwamba mmea uliokaribia kutoweka kwao ndio unaokubali bustani za watu kuliko ndugu zake wengi.

Ukiiacha bila kuigusa itakuwa kichaka cha duara cha kuziba uzio. Ukiondoa matawi ya chini kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, utapata mti mdogo wenye mashina yaliyopinda, ya rangi ya mti wa mkangazi uliopigwa msasa. Napendelea hii njia ya pili, maana mashina ndiyo fahari ya manzanita. Sogea karibu na kichaka kikubwa katikati ya kiangazi: gome la mwaka uliopita linachanika, linajikunja kuwa vipande vyembamba vinavyopukutika ukivigusa kwa kidole, na chini yake kuna ngozi mpya iliyopauka, laini, ambayo baada ya muda nayo inaiva na kuwa nyekundu ya kahawia.

Kama huipati, chukua 'Sentinel'. Ni ya spishi hiyo hiyo, ila imesimama wima zaidi.

Nafasi ya pili: 'Dr. Hurd'

Mwenye nafasi na anayetaka mti badala ya kichaka, asitafute kwingine. Hufika futi 10 hadi 15, ina majani mapana ya kijani kilichopauka, maua meupe, na shina zito la rangi iliyokolea. Nayo ni mvumilivu. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu ya ukubwa tu: watu huipanda futi 3 kutoka ukutani, halafu baada ya miaka minane wanaanza kuikatakata, na manzanita iliyokatwa ovyo hairudishi sura yake.

Nafasi ya tatu: 'John Dourley'

Kimo chake hakipiti futi 3, inatambaa hadi futi 5 au 6. Majani machanga huchipuka na wekundu wa shaba, maua ni ya waridi. Inafaa mbele ya nyumba, mahali ambapo hutaki kuziba dirisha. 'Sunset' ni ndefu kidogo kuliko hii na machipukizi yake nayo yana rangi ya shaba. Ukikuta moja ipo na nyingine imekwisha, chukua iliyopo.

Nafasi ya nne: za kutandaa chini

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezewa pesa, kwa sababu neno "kutandaa" kwenye kibandiko halikuambii mmea unataka hali gani. 'Emerald Carpet' ndiyo inayovutia zaidi kwa macho, kijani kibichi, chini ya futi moja na nusu, imeshikana vizuri. Lakini inapenda udongo wenye tindikali, na bara kwenye joto kali inataka kivuli cha mchana na maji zaidi kuliko wenzake. Nisingeipanda Fresno. Kwa watu wengi 'Carmel Sur' ni salama zaidi, inavumilia udongo wa kawaida wa bustani na huenea upesi kiasi. 'Point Reyes' ni chaguo zuri kwa wakazi wa pwani. Ukiipeleka bara mbali na bahari, iwekee kivuli. Mwenye eneo kubwa la mteremko anaweza kutumia 'Pacific Mist', yenye majani ya kijivu na mikono mirefu.

Ipo nyingine ya chini ambayo wenye bidii wanaweza kuitafuta, Arctostaphylos franciscana ya San Francisco. Makaburi ya Laurel Hill yalipokuwa yakivunjwa mwaka 1947, wataalamu wa mimea waliokoa miche yake dakika za mwisho, na kwa miongo sita iliaminika kwamba haipo tena porini, imebaki bustanini tu. Mwaka 2009, wakati wa ujenzi wa barabara karibu na daraja la Golden Gate, kikaonekana kichaka kimoja hai. Januari 2010 kikahamishwa na donge lake lote la udongo hadi mahali salama ndani ya Presidio, hifadhi iliyomo San Francisco. Nayasimulia haya kwa sababu mche unaoununua kitaluni si pambo tu. Kwa mmea huu, bustani za watu ndizo zilizoufikisha hapa.

Nafasi ya mwisho: manzanita kubwa za porini

Arctostaphylos glauca, yenye majani ya kijivu na matunda makubwa kuliko wenzake, ni mmea wa fahari kwenye vilima vikavu vya kusini. Ikikaa kwenye mteremko wa mawe usiofikiwa na bomba, itaishi kuliko wewe. Kwenye bustani ya kawaida yenye nyasi zinazomwagiliwa, usiinunue. Na ya porini usiing'oe: kwenye ardhi ya umma kuchimba mimea bila kibali ni kosa, na isitoshe manzanita iliyokwisha kujitia mizizi mara nyingi hufa ikihamishwa.

Kuchagua mche ukiwa kitaluni

Nunua galoni 1. Kopo la galoni 5 linauzwa mara mbili au tatu ya bei hiyo, na mche mdogo hujishikiza ardhini upesi zaidi. Baada ya miaka mitatu au minne ni vigumu kuzitofautisha. La galoni 15 liache kabisa.

Mwombe muuzaji akutolee mche kwenye kopo uone mizizi. Muuzaji mzuri hatakataa. Tafuta mizizi myeupe au ya kahawia iliyopauka, yenye ncha hai. Mizizi minene iliyozunguka kopo mara kadhaa ni dalili kwamba mche umekaa humo muda mrefu, na mizizi hiyo haitanyooka hata ukiuhamisha. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya kuoza, usiipeleke nyumbani hata kwa bure, maana utaingiza ugonjwa kwenye udongo wako. Tazama pia pale shina linapoingia udongoni: panatakiwa kuonekana, pasizikwe na mboji. Na kibandiko kikisema "Manzanita" peke yake bila jina la aina, usinunue. Hujui kama unabeba ya futi 1 au ya futi 15.

Kuhusu mahali pa kununua, anza na Calscape, tovuti ya chama cha mimea asilia cha California, CNPS. Unaweka anwani yako, inakuonyesha mimea ya asili ya eneo lako. Matawi mengi ya chama hicho hufanya mauzo ya miche msimu wa vuli, na wanaouza huko ni watu wanaoujua udongo wa mtaa wako. Kusini kuna Theodore Payne Foundation huko Sun Valley na Tree of Life huko San Juan Capistrano. Katikati, Las Pilitas ya Santa Margarita. Kaskazini, California Flora Nursery ya Fulton, na mauzo ya bustani ya mimea ya UC Davis. Kama unang'oa nyasi ili upande manzanita, uliza kwanza shirika lako la maji. Mengi hurudishia wenye nyumba sehemu ya gharama, lakini kawaida wanataka ombi lipelekwe kabla nyasi hazijaguswa.

Kuipanda na kuitunza

Panda Oktoba hadi Desemba, miezi ile ile ya vuli kule nyumbani, ili mvua ikufanyie kazi. Siku chache kabla, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo kesho yake, usipande hapo chini. Inua tuta la udongo wa hapo hapo, la sentimita 30 hadi 45, upande juu yake.

Usitie samadi. Usitie mboji wala mbolea ya dukani. Najua inauma kwa mkulima, lakini manzanita iliyolishwa hurefuka kwa pupa, inakuwa laini, na vidukari huivamia. Ukiona kingo za majani zimevimba na kuwa nyekundu, ni wao. Hawataiua, punguza tu maji na utoe majani hayo. Weka shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, sentimita mbili tatu juu ya usawa wa udongo, shindilia, mwagilia vizuri mara moja, kisha tandaza vipande vya gome au majani makavu bila kuvigusisha shina.

Kiangazi cha kwanza, loanisha kwa kina takriban kila wiki mbili, pembeni ya mche na si kwenye shina, na kwanza ingiza kidole: udongo ukiwa bado na unyevu chini, subiri. Kiangazi cha pili, kila wiki tatu au nne. Kuanzia cha tatu, 'Howard McMinn' ya pwani inaweza kuishi bila maji yako kabisa, na ya bara ikatosheka na mara moja kwa mwezi. Chagua siku yenye ubaridi, siyo katikati ya wimbi la joto.

Mbao za manzanita huwaka kwa moto mkali sana. Usiipande ndani ya futi 5 kutoka ukutani, na ondoa matawi makavu yaliyo ndani ya kichaka.

Kupogoa ni baada ya maua kwisha, hali ya hewa ikiwa kavu, ili kuvu isiingie kwenye vidonda. Usichelewe, kwa sababu machipukizi ya maua ya mwaka ujao huanza kujitokeza mapema kiangazini, yakining'inia kwenye ncha kama vishada vidogo vilivyofungwa. Ukikata wakati huo unakata Januari yako yote. Kata hadi penye majani. Aina nyingi za kitaluni hazichipui tena kwenye tawi lisilo na jani.